Watu wa Kutupa Jicho

Nianze na aibu yenyewe, tusizungushane. Jumamosi moja saa tano asubuhi, mbele ya watu kama thelathini katika ukumbi wa mtaa pale Ladywood, Birmingham, nilimwiga rafiki yangu mkubwa. Niliiga anavyoshika tai, anavyovuta pumzi, anavyohutubia. Niliiga kwa moyo wote mpaka jasho likanitoka. Kumbe sikualikwa kuchekesha watu. Nilialikwa kutafsiri habari za wachoraji Wafaransa waliokufa zamani. Na rafiki yangu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya mgongo wangu, amevaa suti.

Hapo ndipo pabaya zaidi. Yanayofuata ni nafuu, unaweza kuyasoma huku unakunywa chai.

Mimi kazi yangu ni kupulizia magari rangi, kwenye garaji moja Tyseley. Shule niliiachia Mombasa, kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikiona zaidi kupitia dirishani, nikiwa nje nimefukuzwa. Mwalimu wa hesabu aliniambia, "Toka!" nami nikamjibu, "Natoka," kwa sauti yake. Darasa likafa kwa kicheko, elimu yangu nayo ikafia hapo hapo.

Hiyo tabia ya kuiga nilipanda nayo ndege. Hapa Birmingham, ukisikia kuna harusi ya watu wa Kiswahili, iwe ya Wasomali wa Kenya kama sisi, iwe ya Watanzania au ya Wakongo, basi jua kwamba baada ya kula nitaitwa mbele. Namwiga shehe anavyokohoa kwenye kipaza sauti kabla ya kusema kipaza sauti hakifanyi kazi. Namwiga shangazi wa Kitanzania anayekataa chakula, ameshiba kabisa, mpaka sahani ya tatu. Watu hucheka, mimi hupewa wali wa kwenda nao nyumbani.

Kazi yangu nyingine, isiyo na mshahara, ni kutafsiri. Mtu akiwa na miadi kwa daktari na Kiingereza hakimtoki, ananipigia simu. Kiingereza changu ni cha garaji, lakini kinafika.

Sasa, kuna mama mmoja Mwingereza, nywele nyeupe, skafu ndefu inayoburura sakafuni, mwalimu wa sanaa aliyestaafu. Tulikuwa tunamwita Mwalimu tu. Aliniachia ujumbe kwenye simu kwamba Jumamosi kuna kipindi pale ukumbini, utangulizi wa Impressionist kwa wanaosema Kiswahili, na kila mtu amemwambia mtu wa kazi hiyo ni mimi. Je, nitaweza?

Hilo neno sikulijua. Nikamuuliza binti yangu. Yeye amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimrushia mpira anakurudishia chungwa. Akanijibu kwa Kiingereza bila kuinua kichwa kwamba impressionist ni mtu anayeiga sauti za watu.

Na hakudanganya. Kwa Kiingereza cha hapa, mtu wa kuiga sauti anaitwa hivyo hivyo. Ila mimi sikujua kwamba neno hilo lina pacha.

Basi nikafurahi, wallahi. Nikamwambia mke wangu: umeona? Wazungu wamenitambua. Kuna darasa zima la kazi yangu, na mimi ndiye wa kulifungua. Mke wangu akasema, "Baba, usije ukamwiga mtu anayekujua." Nikamwambia asijali. Wiki nzima nilifanya mazoezi bafuni, na mtu niliyekuwa nikimfanyia mazoezi alikuwa ndiye hasa anayenijua.

Rafiki yangu ni Mkongo wa Uvira. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha takataka jirani na garaji letu, na miaka saba sasa tunakula chakula cha mchana pamoja, tumekaa kwenye gurudumu. Mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, yeye ndiye aliyekuja kuwapikia watoto wangu. Aliwapikia sombe, yale majani ya muhogo, wiki nzima, hadi mkubwa akauliza kama tumehamia Kongo. Mtu wa namna hiyo.

Mwezi uliotangulia, Wakongo wenzake walimchagua kuwa mwenyekiti wa jumuiya yao. Aliuchukua uenyekiti kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike, akawa hata kutembea anatembea polepole. Siku ya kukabidhiwa alitoa hotuba, na nilikuwepo. Alisalimia watu wa kila meza, akawasalimia waliokuwa jikoni, akawasalimia ambao hawakuja. Akashika tai, akavuta pumzi, akasema, "Donc," yaani basi kwa Kifaransa, "kabla ya kumaliza, ninaanza." Kila mtu alikaa kimya kwa heshima. Mimi nilikuwa nakusanya vya kuiga.

Alikuwa amenisikia nikiiga dunia nzima isipokuwa yeye. Na uenyekiti wa wiki tatu, nikwambie kama fundi, ni sawa na rangi iliyotoka kupuliziwa sasa hivi. Ukiigusa kwa kidole, alama inabaki. Hilo nilipaswa kulijua kuliko mtu yeyote.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameniambia Jumamosi ana kazi ya kanisa. Nikasema basi, hatakuwepo.

Nilipofika ukumbini nilikuta viti vimepangwa na nusu vimejaa. Mbele alikaa bibi mmoja wa Kitanzania mwenye miwani minene, kando yake wazee wawili watatu wa Kisomali tuliokutana nao msikitini. Upande mmoja viti vilikuwa vitupu. Mwalimu alikuwa amepiga magoti anahangaika na waya za projekta. Akaniambia nianze tu, niwachangamshe watu kidogo wakati anatafuta tundu la waya.

Niwachangamshe! Nani mwingine angeelewa vipi?

Aliyejenga ukumbi ule aliuweka mlango upande wa mbele, nyuma ya anayesema, sijui alikuwa na ugomvi gani na wahutubiaji. Kwa hiyo nikiwa nimewakabili watu, nimeshika tai ambayo sikuivaa, navuta pumzi hadi mabega yakagusa masikio, sikuona chochote. "Ba papa, ba mama," nikasema, "na bale bako mu jikoni, na bale hawakukuja, tunabasalimia. Donc, kabla ya kumaliza, ninaanza!" Ukumbi ukalipuka. Nikaendelea. Nikayasalimia madirisha, nikaisalimia projekta.

Halafu kicheko kikakatika ghafla, kama redio iliyotolewa betri. Bibi wa Kitanzania akanionyesha mlango kwa kidevu. Nikageuka.

Rafiki yangu alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja, suti ya rangi ya kahawa yenye maziwa, viatu vinang'aa. Nyuma yake, akina mama tisa wa kanisa lake, vitenge vipya, wanachungulia juu ya bega lake. Kazi ya kanisa ndiyo hiyo. Alikuwa amewaleta kwa basi kutoka Northfield.

 Akawaambia, "Ingieni, ba mama. Mutafute viti." Wakaingia mmoja mmoja wakinipita kama mtu anavyopita tope. Yeye akaenda kukaa mstari wa mwisho kabisa, karibu na hita, akaanza kuutazama ukuta.

Mwalimu akasimama, akapiga makofi. Masikini, alidhani nilikuwa natoa hotuba ya kuwakaribisha wageni. Akasema ukaribisho mzuri kweli, sasa yeye atasema kidogo kidogo nami nitafsiri. Akabonyeza kitufe, na ukutani ikatokea picha ya bandari asubuhi, kila kitu kijivu na buluu, jua jekundu dogo kama kifungo kilichodondoka kwenye maji. Akasema hawa ndio Impressionist.

Nikaitazama picha, nikamtazama Mwalimu. Taratibu nikaelewa sikuitwa kuiga mtu. Ningetoka mbio, lakini ningetoka mbele ya watu wote, na tayari nilikuwa nimefanya vya kutosha mbele ya watu wote. Nikabaki nikatafsiri.

Akasema zamani kule Paris wakubwa wa uchoraji walitaka picha za vita na miungu na wafalme, zilizolainishwa hadi usione brashi ilipita wapi. Nikatafsiri. Halafu wakatokea vijana waliotoka nje, mtoni, barabarani, stesheni ya treni, kwa sababu siku hizo rangi zilianza kuuzwa kwenye tyubu kama za dawa ya meno, unaweka mfukoni unaenda. Wakachora haraka, kabla mwanga haujahama. Wakaitwa Impressionist. Hapo nikakwama.

"Yaani," nikasema, "ni wapiga chapa."

"Mwanangu," akasema bibi wa Kitanzania, "wapiga chapa si wale wa magazeti?"

"Basi, wapiga picha za haraka."

"Hao ni wa pasipoti."

Watu wakaanza kunicheka, nami nikashukuru, angalau wananicheka mimi. Nikafikiri. "Ni watu wa kutupa jicho," nikasema. "Unatupa jicho mara moja tu, kisha unachora kile jicho lilichorudi nacho."

Mama mmoja wa Kikongo akadakia, "Weye! Kwetu mwanaume wa kutupa macho tunamufungia mulango!"

Ukumbi wote ukacheka, hata wazee wa Kisomali waliojifanya hawajasikia. Nikatupa jicho nyuma. Rafiki yangu bado yuko na ukuta wake.

Mwalimu akatuonyesha marundo ya nyasi kavu shambani. Rundo la asubuhi. Rundo la jioni. Rundo lenye theluji. Akasema mchoraji huyo alirudi pale pale mara nyingi, kwa sababu kila saa mwanga ulikuwa mwingine, na alichokuwa akichora hasa si nyasi, ni mwanga.

Mzee mmoja wa Kisomali akainua mkono. Ni mtu aliyekulia na ng'ombe kule Garissa. "Muulize, nyasi yote hiyo anaichora tu. Ng'ombe wanakula nini?"

"Na bibi yake?" akauliza yule mama wa Kikongo. "Bibi anakula mwanga?"

Nikatafsiri yote mawili. Mwalimu alicheka mpaka akakanyaga skafu yake. Akasema kusema kweli miaka ya mwanzo walikuwa na njaa.

Kisha akatupeleka dirishani. Ng'ambo ya barabara lipo ghorofa refu, la kijivu, ambalo hakuna mtu amewahi kulitazama ila anayetafuta nyumba ya mwenyeji wake. Akauliza kivuli chake pale chini ni rangi gani. Wote tukasema cheusi. Akasema tazameni tena.

Hapo, samahani, sikungoja amalize. Nilikuwa nimekaa kwenye aibu nusu saa nzima na sasa watu walikuwa wamefika garajini kwangu. Nikawaambia: sikilizeni, gari jeupe likigongwa mlango, tunaweka mlango mpya, tunaupulizia rangi ile ile. Ndani chini ya taa, unaona sawa kabisa. Utoe nje juani, utadhani mlango umetoka kwa gari la jirani. Kwa hiyo tunalitoa nje, tunalitazama asubuhi, tunalitazama mchana. Nyeupe si moja. Na kivuli cha gari jeupe si cheusi hata kidogo, kina buluu, siku nyingine kina zambarau. Nakiona kila siku. Sikujua kuna watu waliowahi kukichora.

Tukiwa tumesimama vile, wingu likasogea. Birmingham ilitupa jua la dakika mbili. Lile ghorofa la kijivu likageuka rangi ya mkate uliotoka kwenye tanuri, na kivuli chake, kweli kabisa, kikawa cha zambarau. Watu wakafanya "Eeeh!" kama timu imefunga bao. Bibi wa Kitanzania akavua miwani yake, akatazama, akasema, "Mimi bila miwani ndivyo ninavyoona siku zote. Ningechukua brashi mapema."

Mwalimu akaniambia yeye alisema maneno manne, mimi nimesema mia mbili. Nikamjibu Kiswahili ni lugha ndefu.

Tuliporudi kwenye viti akagawa nakala za picha kwenye kadi. Mimi nikapewa ya mwanamke mwenye mwavuli shambani. Nikaisogeza puani: madoa. Doa jeupe, doa la kijani, uso hauna hata pua. Nikaisogeza mbali: mwanamke, upepo, sketi inapepea. Mwalimu akasema hawakuchora kila kitu, walichagua machache na kuliachia jicho lako limalizie.

Nikashtuka, maana ndiyo kazi yangu hiyo. Mimi simwigi mtu mzima. Nachukua tai, pumzi, na neno moja, watu wanajijazia mengine. Kwa hiyo neno halikuwa na pacha bure. Lakini madoa yale matatu niliyachagua mimi, na ile wiki ya sombe sikuitia hata doa moja. Akina mama tisa walifungua mlango wakakuta tai, pumzi na donc.

Mwalimu akaendelea, nami nikaendelea kutafsiri, na hapo ndipo kisa kilipofika kwangu. Alisema hilo jina si wao waliojipa. Walipofanya maonyesho yao, kulikuwa na mtu wa gazeti, mchekeshaji, aliyekwenda akaiona ile picha ya bandari na jua lake la kifungo. Akaandika kuwacheka. Kwamba hii si picha, hii ni impression tu, mtu ametupa jicho akaenda zake. Watu mjini wakacheka sana. Jina likawaganda.

Nilipofika kwenye "mchekeshaji" nikalikwepa neno. Nikasema, "Kulikuwa na mtu... mmoja... wa gazeti." Watu wakangoja. Nikamalizia yote, polepole, sakafu nikiitazama.

Kutoka karibu na hita sauti ikasema, "Uyu mutu wa gazeti. Alirudia kubaomba musamaha?"

Ndiyo mara ya kwanza rafiki yangu kusema tangu akae. Shingo zote zikageuka kwake, kisha kwangu. Nikamgeukia Mwalimu, nikalitafsiri swali. Mwalimu akafikiri, akasema hajui, hajawahi kusoma mahali kwamba aliomba.

"Anasema hajui," nikasema. Halafu nikaongeza, na hii haikuwemo kwenye Kiingereza cha Mwalimu, "Lakini mkalimani wake anaomba. Mbele ya hawa hawa aliowachekesha. Nilidhani nimeitwa kuiga watu, nikamwiga ndugu yangu ambaye alistahili kupigiwa makofi alipoingia. Ni mimi mjinga, si yeye."

Mama wa kufunga mlango akaguna, "Mmh." Bibi wa Kitanzania akaanza kupiga makofi taratibu, akitazama mstari wa mwisho, wengine wakamfuata, na Mwalimu naye akapiga kwa nguvu bila kujua ni ya nini. Rafiki yangu akainamisha kichwa kidogo, kama mwenyekiti anavyofanya. Kwangu hakutazama.

Saa saba watu wakawa kwenye chai. Akina mama walikuwa wamezunguka zile kadi, wanabishana kwa sauti kama mwanamke wa mwavuli anangoja mume au anamkimbia. Mimi nilikuwa pembeni nabeba viti, kazi inayomfaa mtu aliyejidhalilisha. Rafiki yangu akaja amebeba vitano, na suti yake, akaviweka juu ya vyangu.

"Mwenyekiti," nikasema.

"Usiniite vile."

"Ndugu yangu."

"Ile nayo ngoja kwanza."

Nikangoja. Akavuta pumzi, na naapa sikuitazama ile pumzi, nilitazama viti.

"Asubuhi mu bisi," akasema, "ba mama banauliza, uyu wa kututafsiria ni nani? Nikabaambia ni rafiki yangu, muntu wa heshima kabisa, hana mambo ya kuchezacheza. Toka Northfield mpaka hapa minakusifu tu, dakika arobaini, hata dereva alisikia. Tunafika, nafungua mulango." Akatikisa kichwa. Mdomo wake ulitaka kucheka, akaukatalia. "Umenifanya muongo mbele ya kanisa muzima. Donc, Jumamosi ijayo minabaleta hapa tena. Utakuja mapema, utavaa shati ya kola, utasimama pale mulangoni na kubasalimia ba mama moja moja. Unitoe mu huo uongo."